Bawa Lililokuwa Safi Kupita Kiasi

Ko. Kisha, baada ya kitambo kifupi, kama mtu aliyegeuka mlangoni kuongeza neno: ko.

Ilikuwa saa sita mchana, siku ya Alhamisi, ndani ya hanga letu la mabati pembeni mwa kiwanja cha ndege cha Musoma, na sauti ile ilitoka chini ya bawa la kushoto. Ninyi mliokulia katika nyumba zinazohifadhi maji kwenye madebe mnaijua. Kitako cha debe kikibonyezwa kwa kiganja huingia ndani; kiganja kikiondoka, hurudi mahali pake na kulia. Debe linaruhusiwa kulia hivyo. Bawa la ndege haliruhusiwi.

Chini ya bawa alikuwa amesimama Mafuru, mtu mzima wa Bugwema aliyeajiriwa kuosha ndege, mkononi ana kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Nilimwomba abonyeze tena palepale. Akabonyeza. Ko. Nikamuuliza kama aliwahi kuisikia sauti hiyo kabla ya siku ile.

"Inaliaga hivyo siku zote, Mama," akasema bila kuacha kusugua. "Mimi nikajua unajua."

"Tangu lini?"

"Tangu masika yaliyopita. Au ya mwaka juzi."

Nilimshukuru kwa upole, nikaingia ofisini, nikafunga mlango, na kuanzia dakika ile sikumwamini mtu yeyote.

Vijana wangu, sasa nimestaafu na ninaishi Mwisenge. Wanafunzi wa ufundi wanaopita kwangu hutaka niwaeleze kazi ya ukaguzi wa ndege kwa kifupi. Sina kifupi. Nina mambo machache niliyoyaona, mengine kwa kuchelewa, na hili la Mafuru ndilo ninalolirudia kila nikikosa usingizi, ingawa miaka imepita. Marubani waliniita Mama Mashaka. Sikuwakataza, kwa sababu mkaguzi asiyeshuku ni mtalii aliyevaa ovaroli.

Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa kampuni ndogo yenye ndege mbili za aina moja, za injini moja, zenye bawa juu ya chumba cha abiria na nguzo moja kila upande inayolishikilia bawa kutoka chini. Moja ilikaa Musoma. Nyingine ilikaa kwenye kiwanja cha majani nje ya mji wa Bunda. Zote mbili zilikuwa na kazi ileile: kuruka chini kila alasiri na kupiga picha za mwambao na za mashamba, kwa ajili ya wapima ardhi. Na mimi, katika umri ambao wenzangu walikuwa wakiozesha mabinti, nilikuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu jinsi upepo wa ghafla unavyozidisha mzigo kwenye bawa la ndege ndogo.

Niruhusuni niwaeleze jambo hilo, kwa maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sauti ya debe ilinitoa jasho.

Ndege inapoingia ghafla katika hewa inayopanda, bawa hupigwa kutoka chini na kujaribu kujikunja kuelekea juu. Upande wake wa juu hubanwa. Upande wa chini huvutwa. Ukubwa wa kipigo hutegemea kasi ya hewa ile, ambayo huichagui, na mwendo wako, ambao unauchagua. Yeyote aliyewahi kufunga mzigo wa pamba kwenye baiskeli na kuupeleka mnadani anaijua kanuni hii bila hesabu: shimo ni lilelile, lakini ukilipita mbio ndipo spoki zinapokatika. Kwa hiyo kila ndege ina mwendo wake wa kupitia hewa chafu, kama marubani wanavyoiita hewa yenye misukosuko. Ukiwa chini ya mwendo huo, bawa likipigwa kupita kiasi huacha kunyanyua kabla halijavunjika. Linaachia, kama mtu mwenye busara anayeachia kamba kabla haijamkata mikono.

Anayebuni bawa hajui upepo wetu. Hukaa na karatasi yake, huchora upepo wa kufikirika wenye umbo la kilima kilicholainishwa, huukadiria uwe mkali kuliko ule wa siku nyingi za kawaida, kisha huongeza nusu nzima juu ya mzigo mkubwa kabisa anaoutarajia. Bawa la namna hiyo halivunjwi na kipigo kimoja. Linalolichosha ni vipigo vidogo vinavyorudiwa. Chukua waya, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haionekani kitu. Mara ya ishirini haionekani kitu. Kisha unabaki na vipande viwili mkononi na huwezi kusema ni mkunjo upi uliouvunja.

Sasa rukeni nami alasiri moja kutoka Musoma. Nchi kavu imepata joto tangu asubuhi, na hewa inapanda kutoka kwenye kila shamba lililolimwa. Upepo wa ziwa unaingia chini yake. Juu ya vilima vya Butiama hewa hizo mbili hukutana, na ukishavuka kuelekea Bunda unahisi kama unaburutwa juu ya ngazi. Nilipanda mara moja na rubani wetu, Kapteni Manyama, nikiwa nimejifunga kisanduku changu cha kupima mitikisiko mapajani. Nilitapika katika mfuko wa karatasi niliokuwa nimeuandika kwa kalamu ya wino: VIELELEZO. Tulipotua, Manyama aliuliza kwa heshima kama vielelezo vimetosha. Kisha akafungua daftari la ndege na katika safu ya hali ya hewa akaandika neno moja: kawaida.

Neno hilo lilinikera. Nilipitia kurasa zote za nyuma. Kawaida. Kawaida. Kawaida. Siku ambayo kofia yangu ilipeperushwa hadi kwenye uzio wa kiwanja, kawaida.

Kisanduku kilisema mengine. Tulikiacha ndani ya ndege miezi mingi, na kilirekodi vipigo vingi mno. Kwa hesabu zangu, ribiti, vile vipini vya chuma vilivyopigiliwa kushikilia bati la chini ya bawa, karibu na nguzo, zilipaswa kuwa zimeanza kulegea zamani. Ribiti iliyolegea hujitangaza: kila bawa linapotikiswa, hujisugua ndani ya tundu lake na kutoa unga mweusi, na upepo huuvuta unga ule nyuma kama mkia. Mafundi husema ribiti inavuta sigara. Nilikagua mabawa yale kila baada ya saa zilizopangwa, kwa tochi na kioo cha kukuzia. Hakuna hata moja iliyovuta sigara. Bawa lilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Basi nikafanya wanachofanya wasomi. Nilijenga maelezo. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilieleza, kwa lugha ambayo bado naionea haya, kwamba kanuni zinazotumika huenda zinazidisha madhara ya upepo wa nyanda zetu, kwa kuwa mabawa yaliyopigwa vile hayakuonyesha dalili yoyote. Msimamizi wangu aliipenda. Aliniandikia kwamba huo ni mchango mpya. Nilitakiwa kuiwasilisha Jumatatu.

Na sasa, Alhamisi, bawa limelia.

Katika ofisi ile nilichora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja niliandika HESABU, upande mwingine nikaandika BAWA, na chini yake: mmoja wao anadanganya. Bati hulia kama debe pale linapokuwa halijashikwa sawasawa pembeni. Kama halijashikwa, ribiti zimelegea. Kama zimelegea, uko wapi moshi?

Nilianza na Manyama. Ndege ya Musoma ilikuwa imesimamishwa wiki ile kwa ukaguzi mkubwa, hivyo alikuwa amekaa kwenye kreti nje ya hanga akila samaki aina ya furu waliokaangwa, bila haraka. Nilimzunguka kwa maswali kwa muda wa robo saa. Kama huwa anapunguza mwendo kwenye hewa chafu. Kama amewahi kuruka saa ambazo hazimo daftarini. Mwisho, kwa kuwa shaka ikishaingia haichagui adabu, nilimuuliza kama amewahi kukipigapiga kisanduku changu mezani ili kunifurahisha kwa takwimu nyingi.

Aliacha kutafuna.

"Injinia, mimi nina watoto watatu na mama mgonjwa. Huo muda wa kupigapiga kisanduku chako ningeutoa wapi?"

"Basi kwa nini unaandika kawaida?"

"Kwa sababu ndivyo inavyokuwaga. Mimi nimeanza kuruka hukohuko Bunda. Siku ikitulia ndiyo nitaandika si kawaida, nikuite uje uone."

Nilirudi ofisini nikaandika jina lake na alama ya kuuliza. Kisha nikaandika jina la Mafuru.

Hapa inanibidi niwatambulishe kwa mtu aliyenifundisha kazi, kwa kuwa alikuwa amefariki kabla ya yote haya na bado ndiye aliyekuwa sahihi. Mzee Magesa alikuwa Mzanaki wa Butiama, mfupi, mwenye mdomo usiosamehe. Hesabu aliziona kama ugonjwa wa vijana. Mara moja alikata bati fupi kwa sababu alikataa kutumia rula, kisha akalilaumu bati. Lakini alikuwa na desturi moja. Ndege ikiingia hangani, hakumruhusu mtu aiguse. Alitumbukiza mikono mfukoni, akaizunguka polepole mara mbili, akitazama tu. Akinikuta nimekwisha kunyanyua kifuniko, aliniuliza kama kwetu watu huingia kwenye boma la mtu wakiwa wametanguliza mkono. "Simama langoni, binti. Boma lenyewe litakuambia kama kuna msiba."

Nilidhani ni adabu za kizee. Niliporudi kutoka chuo kikuu na kupewa ukaguzi, jambo la kwanza nililofanya ni kuondoa kile nilichokiita upotevu wa muda. Vitabu vilisema ufa hauonekani kwenye uso mchafu, na ni kweli, hauonekani. Hivyo nikaweka utaratibu wa kuosha.

Ijumaa asubuhi nilijificha. Sina neno jingine la heshima. Nilisimama nyuma ya pipa la mafuta na kumtazama Mafuru akiosha bawa la kulia, ambalo hakuwa amelifikia jana yake. Alipita upesi juu ya bati lote, lakini alipofika karibu na nguzo alisimama, akakunja kitambaa, akakilowesha upya, akasugua ribiti moja moja, mstari kwa mstari, kwa uangalifu wa mtu anayemfuta mtoto uso. Hapo tu, na si kwingine. Nilianza kuwaza ni nani aliyemtuma, na kwa faida gani.

Nilitoka nyuma ya pipa, nikakichukua kitambaa mkononi mwake na kukitandaza juu ya meza. Kilikuwa na mistari ya kijivu na myeusi, iliyopangwa kwa nafasi sawa. Nafasi ile niliijua kwa moyo. Ni nafasi kati ya ribiti na ribiti.

Nilimuuliza kwa sauti niliyokuwa nimeiandaa usiku kucha ni nani aliyemwambia afute pale.

Mafuru hakuogopa, alinionea huruma, na hilo nililiona vibaya zaidi. Akaniongoza hadi kwenye ukuta wa hanga, karibu na bomba la maji, na kunyoosha kidole kwenye kibao ambacho nilipita mbele yake kila siku bila kukiona.

OSHA KWANZA, KAGUA BAADAYE. Chini yake, kwa herufi ndogo: Sehemu za ribiti zisuguliwe kwa mafuta ya taa hadi zing'ae. Mwandiko ulikuwa wangu. Mkia wa herufi g huwa naupinda hivyo tangu shule ya msingi.

"Wewe ndiye ulisema, Mama," akasema. "Pale karibu na nguzo panachafukaga haraka kuliko kwingine. Kila wakirudi kutoka Bunda ninakuta pameshakuwa peusi. Nikawa napasugua zaidi, maana nilijua ndipo unapowekaga kioo chako. Sikutaka ukute uchafu uone mimi mvivu."

Nilikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa.

"Hata Bunda wanafanya hivyo hivyo," akaongeza, akidhani ananipa moyo. "Bhoke alikinakili kibao. Kakibandika kwake, kikubwa kuliko hiki."

Bhoke alikuwa mwanafunzi wangu, fundi pekee wa ndege ya Bunda, binti mwepesi wa kushika jambo ambaye hakuwahi kuniuliza swali ambalo sikulitarajia. Ndege yake haikuwa kwenye ukaguzi. Iliruka kila alasiri, saa tisa, na wapima ardhi wanne ndani.

Mngetegemea kwamba nilimpigia simu palepale. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba kitambaa si ushahidi. Kwamba uchafu wa kijivu unaweza kuwa vumbi, grisi, masizi ya injini. Kwamba mtu makini hasimamishi ndege ya watu kwa sababu ya tambara. Ijumaa alasiri ndege ya Bunda iliruka na kurudi. Najua ilirudi kwa sababu nilimwomba Manyama amuulize rubani mwenzake wa Bunda kwa simu kuhusu jambo jingine kabisa, huku nikisikiliza kando.

Jumamosi asubuhi, mimi na Manyama tulifungua kifuniko cha chini ya bawa la kushoto, pale nguzo inapoungana na boriti kuu, ule mhimili wa chuma chepesi unaobeba bawa zima. Nilipaka rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikasubiri, nikafuta, nikapuliza unga mweupe. Kwenye upande wa chini wa boriti, upande ule unaovutwa kila hewa inapopiga, ulijitokeza mstari mwekundu. Ulikuwa mfupi kuliko kucha ya kidole changu kidogo. Ulianzia kwenye tundu la ribiti na kuelekea mbele, bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda.

Manyama aliinama, akautazama, akajinyoosha. Alitoka nje na kusimama akiwa ameligeuzia hanga mgongo. Aliporudi alisema jambo moja tu, na hakuniita Mama Mashaka.

"Wiki iliyopita nilimpakia mwanangu wa kwanza, akaone Butiama kwa juu."

Ilikuwa saa sita na nusu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halimo katika tasnifu yangu. Nilichukua kipimo na kuupima ufa ule. Kisha nikaupima tena. Kisha nikaupima mara ya tatu na kuandika wastani, ilhali kitu kile hakikuhitaji kupimwa, kilihitaji kusemwa. Nilikaa na kuandika rasimu ya taarifa yenye aya ya utangulizi. Nilifikiria Jumatatu, na sura ya nne, na msimamizi wangu, na saini zangu ndani ya madaftari mawili, ukurasa kwa ukurasa: imekaguliwa, hakuna dalili. Nilifikiria kwamba huenda ni ndege hii peke yake. Nilifikiria kwamba Bhoke ataniuliza ninajuaje, na jibu la kweli litakuwa limebandikwa ukutani kwake. Shaka zote nilizokuwa nazo juu ya watu, nilizitumia mchana ule kama pazia, ili nisimfikie mtu wa mwisho kwenye orodha.

Mafuru ndiye aliyekuja kusimama mlangoni. Hakuingia. Alisema ni saa nane na dakika arobaini, na kwamba kama simu yangu haina salio, ya kwake inalo.

Nikapiga. Iliita mara nyingi. Nyuma ya sauti ya Bhoke nilisikia watu wakicheka na mlango wa ndege ukifungwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunakaribia kutoka, naweza kukupigia baadaye?"

"Umeshaiosha?"

"Bado kidogo. Nimebakiza bawa la kulia. Usiwe na wasiwasi, saini siweki mpaka ing'ae."

"Bhoke, weka kitambaa chini."

"Mwalimu?"

"Kiweke chini. Mkono mmoja mfukoni, na wa simu usiguse kitu. Zunguka uende chini ya bawa la kulia, pale kwenye nguzo. Niambie unachokiona."

Nilisikia hatua zake juu ya majani. Nilisikia mmoja wa abiria akiuliza kama kuna tatizo. Kisha nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini.

"Kuna mikia myeusi," akasema. "Ile ya kila siku. Nane, tisa... Mwalimu, imejaa mstari wote."

"Washushe watu. Ndege isiruke."

"Lakini huu ni uchafu tu. Wewe ndiye ulitufundisha tuufute."

Mafuru alikuwa bado mlangoni, mikono mfukoni.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."